Bibi Harusi Aliyepanda Kilima Kinyumenyume

Mzee Wangwe aliendesha lori la misheni tangu ujana wake, na hata baada ya kustaafu mguu wake wa kushoto haukuacha kukanyaga hewa. Ulikuwa ukitafuta klachi. Gari alilojinunulia uzeeni, saluni ya kijivu ya zamani yenye gia za kujibadilisha zenyewe, halikuwa na pedali hiyo, na jambo hilo lilimnyima amani mpaka fundi Osward wa Sirari alipoifungua giaboksi mbele yake.

"Angalia, mzee. Humu injini na magurudumu havishikani mikono. Kuna feni mbili zinatazamana ndani ya mafuta. Injini inazungusha hii, hii inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha ile."

"Kumbe mafuta ndiyo mshenga!"

"Ndiye huyohuyo. Pampu ikiyapa nguvu, yanazibana na hizi sahani: seti hii ya kwenda mbele, ile ya kurudi nyuma. Za mbele zimeliwa sana, mzee. Siku zikiungua, gari litanguruma tu."

Ziliungua asubuhi ya harusi ya mjukuu wake Elieth. Mzee alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto huyo hatapelekwa kanisani Gorong'a kwa gari la kukodi. Elieth alikwisha kuketi nyuma, shela imejaza kiti. Mzee akaweka gia ya mbele, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kama fahali aliyeona mwenzake. Gari halikusogea hata unyayo.

"Baba Naomi," akasema mkewe Ghati, aliyeketi kando yake, "huyu mtoto tunampeleka kanisani au tunampigia kelele?"

Mzee aliziwazia zile sahani za nyuma, ambazo maishani mwake hazikuwa zimefanya kazi ya maana. Akaweka gia ya kurudi nyuma. Gari likashtuka, likaondoka kwa nguvu, kuku wakatawanyika.

"Babu, unakwenda wapi?"

"Kanisani, mjukuu wangu. Tulia."

"Kinyumenyume?" Ghati akashika kichwa. "Watasema bibi harusi anamkimbia padri!"

"Waseme. Akifika watanyamaza."

Basi Elieth akapanda kilima uso ukiwa umeelekea kwao. Alimwona mama yake, Naomi, akipunga kitenge, na shangazi zake wakipiga vigelegele huku wameshika mbavu, hadi kona ya shule ilipouficha ua wote. Machozi aliyokuwa ameyaandaa yalitoka, lakini kwa kicheko.

Padri alikuwa mlangoni akitazama saa alipoona buti la gari linamjia. Akaruka pembeni na kanzu yake. Elieth akashuka, pindo halina hata vumbi, na babu yake akampeleka kwa mkono hadi altareni, kama alivyoapa.

Misa nzima shingo ya Mzee ilikataa kurudi mbele. Ilibaki imegeukia kushoto, walikokaa waimbaji.

"Baba Naomi," Ghati akamnong'oneza, "ni yupi kati ya hao?"

"Shingo, Mama Naomi. Shingo tu."