Sarafu ya Mkunga Evdokia

Jirani yangu Evdokia, mkunga wa hapa Thesalonike, alimwekea kila mzazi sarafu yake ya dhahabu tumboni. Sote tuliamini wale wawili waliochorwa juu yake wakishika msalaba ni Mtakatifu Konstantino na mama yake Helena. Siku Zoe aliposhikwa na uchungu, mumewe alimpokonya mkunga sarafu mlangoni akasoma maandishi yake.

“Mama mkunga, huyu ni Kaisari Mikaeli na mkewe! Yule aliyetupunja robo ya ngano kwa bei ile ile! Unataka mwanangu azaliwe na njaa?”

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka, wanangu wote walizaliwa kwa sarafu hiyo. Evdokia aliichukua sarafu yake, akaificha kifuani, akashindwa kuinua macho.

“Irudishe, mama!” Zoe akapiga kelele. “Tumbo ni langu, si lake huyo mlangoni!”

Evdokia akairudisha, upande wa pili wenye sura ya Kristo ukigusa tumbo, na upande wa Kaisari akaufunika kwa kiganja chake mpaka mtoto alipolia.