Ncha ya Mlingoti

Katika miaka ya kwanza ya Uhuru nilitunza kambi ukingoni mwa Mto Kuja, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara ya Migori. Mwenye kambi aliishi Kisumu. Aliwaleta wageni kwa gari lake, hasa Wazungu waliotaka kuona viboko na ndege, nao walichagua kati ya namna mbili za kulala. Kulikuwa na hema kubwa lenye kitanda, shuka, chandarua, zulia na beseni la kunawia, na kulikuwa na hema dogo la kuingia kwa kutambaa, na turubai la kutandika chini. Mimi niliwaita wageni wa kitanda na wageni wa chini. Wa chini ndio walioniaga kwa mkono.

Masika yalipoanza, gari halikuweza kupita kwenye tope, na wageni walikoma mpaka Juni. Nilibaki na mahema makubwa matano. Nilifungua moja kila siku lipigwe na upepo: Jumatatu la kwanza, Ijumaa la tano. Asubuhi nilisoma kina cha maji kwenye mti nilioutia alama za rangi, nikakiandika daftarini. Mchana nilisoma kijitabu cha maelezo ya mahema. Hicho, pamoja na kamusi, ndicho kilichonifundisha Kiingereza nikiwa na miaka arobaini. Nilisoma kwa sauti, kwa sababu nisipofanya hivyo, kufikia siku ya tatu sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

Mwaka wa pili nilimwomba mwenye kambi ruhusa mke wangu aje akae nami masika yote. Alikubali, akasema tutumie hema la kwanza. Mke wangu alijibu barua yangu kwa mwandiko wa binti yetu mdogo: atakuja kutazama, kisha ataamua. Sikuwa na hakika kwamba ningeweza kumaliza masika mengine peke yangu. Siku aliyosema atafika nilitandika kitanda mara mbili.

Alifika kabla ya adhuhuri kutoka upande wa Homa Bay, kuku kwapani, kikapu cha omena, dagaa wa ziwani, kichwani.

"Karibu, nyar Karachuonyo," nilimwambia, nikimwita binti wa kwao kama nilivyozoea.

Alikuwa akitazama juu ya hema. Mlingoti wa hema kubwa una ncha ya chuma inayopenya tundu la turubai na kuchomoza kileleni. Nilikuwa nimeitazama mwaka mzima bila kuiona.

"Baba watoto, osuri hiyo umemsimikia nani?"

Kwetu Wajaluo, osuri ni kijiti chenye ncha kinachosimama juu ya paa la nyumba ya mwenye boma. Maana yake ni kwamba mume yu hai na hapa ndipo kwake. Yangu ilikuwa juu ya nyumba ya mke wangu huyo huyo.

"Ni chuma tu. Kinashika turubai."

"Na ile pale? Na ile?" Alihesabu kwa kidole mpaka hema la mwisho. "Wake watano! Na hakuna hata mmoja aliyewasha moto. Unawalisha nini hawa, hilo daftari lako?"

Tulicheka sote. Kisha nikasema neno ambalo sikulipima: "Kama inakusumbua, nitaing'oa."

Akaacha kucheka. Osuri hung'olewa mwenye nyumba anapokufa. Nilikuwepo ilipong'olewa ya baba yangu, nikasikia nyasi za paa zikikwaruza. Nilijua kwamba chuma kile kilitoka kiwandani. Nilijua pia kwamba, kwa mujibu wa kijitabu, kukitoa ni hatua ya kwanza ya kukunja hema. Mkono wangu haukuinuka.

"Chini yake silali," alisema. "Na sitaki kukuona ukiing'oa."

Nilimwonyesha hema dogo, ambalo halina ncha. Aliinama, akachungulia.

"Hapa mnalaza mbuzi? Mimi nina wajukuu. Nitaingiaje kwa mume wangu kwa magoti?"

Tulikula nje, kwenye viti vya turubai, mto ukipita mwekundu kwa udongo. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni pa hema la kwanza, miguu yake nje, akanyoosha mkono akagusa shuka.

"Umetandika vizuri," alisema.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Basi lilipoonekana akaniambia, "Osuri yako ipo nyumbani. Paa linavuja upande wa mlango."

Masika yale niliyamaliza peke yangu. Juni ilipofika, mwenye kambi aliagiza mahema yakunjwe ili yashonwe upya, akaniletea Mkuria mmoja wa kunisaidia. Kwake yeye, asiye Mjaluo, ncha ilikuwa chuma tu. Alipopanda juu ya kiti na kushika ile ya hema la kwanza, nilimwambia kwamba ninakwenda kusoma kina cha maji. Nilikuwa nimekisoma asubuhi.