Neno Ambalo Bibi Hakuambiwa

Juzi pale Tunduma kijana mmoja alinitengenezea simu iliyokuwa imekufa kabisa, na mwenzake akamsifu, "Huyu mchawi." Wakacheka. Mimi nilichukua simu yangu nikaondoka nimenuna. Usinishangae, rafiki yangu, ngoja nikueleze.

Miaka ya tisini nililelewa na bibi yangu kule Hasamba. Jumapili watu wakitoka kanisani walipitia kwake kunywa togwa ya ulezi, nzito, tamu, bado ina uvuguvugu wa chungu. Kutwanga kimea ilikuwa kazi yangu, na nilikichukia kile kinu. Kabla ya kumpa mgeni kikombe, bibi alionja kwanza mbele yake akisema, "Natoa uchawi." Kila mwenyeji alifanya hivyo, na kila mgeni alicheka.

Ukaja mwaka wa viwavi. Walitafuna mahindi ya majirani, ya bibi wakayaacha. Sababu haikuwa siri: yeye alipanda mapema, na viwavi walikuta mahindi yake yameshakomaa. Tena aliwasihi wenzake wapande mapema, wakampuuza.

Basi yakaanza. Mara bibi ana vitu vyake. Mara ana mtaalamu wake ng'ambo ya mpaka. Mara yule si mtu wa mchana. Lakini lile neno lenyewe, walilokuwa wakilichekea kwenye togwa, hakuna aliyelitamka tena, na hilo linaniudhi mpaka leo. Mtu atajiteteaje kwa tuhuma isiyotajwa? Jumapili chungu kikabaki kimejaa hadi jioni, togwa ikachachuka, tukamwaga.

Mwishowe bibi alimfuata jirani yetu, mama waliyeimba naye kwaya, akamkuta anachambua maharage.

"Mwenzangu, niite hilo jina, nipate kukujibu."

"Hakuna aliyesema kitu, dada," jirani akajibu, wala hakuinua macho.

Bibi hakuacha kupika togwa. Tuliinywa wawili tu, Jumapili baada ya Jumapili, hadi akafariki. Siku hizi pale watu wanakunywa soda za dukani, na chungu chake sijui kiliishia wapi.

Msibani walijaa wote, wakalia kweli. Wakati wa kula nikamsikia jirani yule akinong'ona kwamba kifo kile si bure, kuna mkono wa mtu. Nikamuuliza ni mtu gani.

"Kula, mwanangu," akaniambia. "Chakula kinapoa."