Baba Alipotuacha kwa Watu wa Ziwa

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Naviundu kununua makaa, maana umeme kwetu unakuja unapopenda wenyewe, nikakuta gari limejaa vijana wenye vitambaa vya chama kichwani. Walikuwa wakiimba habari ya wenye nchi na wakuja. Wimbo mtamu, usiposikiliza maneno unaweza kuucheza. Binti aliyekuwa akinipimia makaa alitikisa mabega kufuata ngoma, mtoto wa watu, hajui kitu. Mimi nikakaa juu ya gunia lake bila kuomba ruhusa. Akaniuliza kama nimekula.

Nimekula, rafiki yangu. Ila wimbo ule naujua. Niliusikia nikiwa mtoto, miaka ya tisini ilipoanza, kwa maneno mengine.

Tulikaa mtaa wa wafanyakazi hapa Lubumbashi, nyumba ya matofali yenye bati, na vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye sukari. Mama alikuwa mtu wa ziwa, wa upande wa Kilwa yetu ya Kongo, si ile ya pwani. Baba alikuwa Mkasai, asili yake jimbo la Kasai, na mwalimu wa historia. Kwa hiyo vita ya kwanza niliyoijua duniani ilikuwa ya bukari, ugali wetu. Baba aliutaka uchanganywe na unga wa muhogo, uvutike kama wa kwao. Mama alisema muhogo ni wa watu waliokosa mahindi. Mwisho wa mabishano alipika sufuria mbili, na mimi na kaka yangu tukala kwa wote wawili. Mvua zilipoanza kulikuwa na uyoga mkubwa kama sahani, ukichemka na karanga, na mama alikuwa akiimba peke yake jikoni akidhani hatumsikii.

Kulikuwa na utani mwingine nyumbani, na huo ndio ninaotaka kukueleza. Kwa watu wa ziwa, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Kwa watu wa baba, mtoto ni wa baba, basi, hakuna mjadala. Mjomba alipokuja kutoka Kilwa na kapu lake la samaki wakavu, nyumba yote ikinuka, alisimama mlangoni akapiga kelele: "Shemeji! Nakuya kuona batoto bangu. Unabalisha muzuri?" Baba alijibu kutoka ndani: "Batoto bako? Weye ulibazaa na nani?" Walicheka mpaka wakafuta machozi. Sisi tulifurahi sana kugombaniwa.

Jioni baba alirudia masomo mezani. Alikata tonge kuonyesha jinsi wakubwa wa Ulaya walivyoigawa Afrika, halafu akaila Kongo yote peke yake. Alituambia kwamba vita vikiisha wakubwa huingia chumba kizuri, wanatia sahihi mkataba, mpaka unahamishwa, na watu waliozaliwa mahali wanaambiwa si kwao tena. Hapo aliacha kula na kuuliza: "Na bale bantu, balienda wapi?" Kaka alikuwa na jibu kila mara, Poland, Uturuki, Uhindi. Mimi nilikuwa nikiangalia nani atachukua kichwa cha samaki.

Halafu wakubwa wetu wenyewe wakagombana. Huko mji mkuu waligombea madaraka, na huku kwetu walisimama uwanjani wakasema Wakasai wamejaza kazi zote, warudi kwao. Kwao wapi? Baba alizaliwa hapahapa Lubumbashi. Babu yake ndiye aliyetoka Kasai, aliletwa kujenga reli.

Mwuza sombe, yale majani ya muhogo, aliyezoea kumwita mama dada aligeuza uso. Shuleni walimwambia baba asirudi. Mchana mmoja vijana wa chama walipita, na mawe yakaanguka juu ya bati letu. Mama alikuwa akitwanga majani ya muhogo uani, akaendelea kutwanga, kwa nguvu zaidi, mpaka mawe yakakoma. Jirani zetu Wakasai walikuwa wamekwisha kuhamia stesheni, wakilala kwenye jukwaa na magodoro na sufuria zao, wakingojea treni ambayo haikujulikana itakuja lini. Watoto walikuwa wakifa pale kwa surua na kuhara. Jambo hilo tulilijua wote, na ndilo lililomnyima baba usingizi: akienda nasi huenda tukafa njiani, akitubakiza tutakuwa watoto wa Mkasai katika mji uliomfukuza Mkasai.

Mjomba alikuja bila kapu. Siku ileile baba mkubwa, kaka yake baba, alitoka stesheni kutuchukua. Walikaa sebuleni uso kwa uso, na ule utani wa miaka yote sasa haukuchekesha mtu.

"Batoto ni ba kwetu," alisema baba mkubwa. "Damu yetu haibaki huku."

Mjomba hakumtazama. Alimtazama baba. "Shemeji, sema weye mwenyewe kama ni bangu. Kama haukusema, mi siwezi kusimama mbele ya bale bavijana. Bataniuliza, na mi siwezi kubeba uongo."

Sijui kama unaelewa alichoombwa. Kwa Mkasai, kusema watoto ni wa mjomba ni kujifuta. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Ni bako," baba alisema. "Kwa desturi yenu. Nasema mbele ya wote."

Baba mkubwa alinyanyuka akatoka bila kuaga. Hapo kaka akasimama. Alikuwa na miaka kumi na mitano na ndevu za kuhesabu. "Mi siko wa mujomba," alisema. "Papa, mi ntaenda na weye." Baba alimkemea, mama alimshika shati, mjomba alimbembeleza. Hakubadilika. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa baba, na sijui kama nimewahi kumsamehe kaka kwa hilo.

Treni iliondoka siku ya jua kali, watu wamejaa mpaka juu ya mabehewa. Mimi na mama tuliwapelekea chakula. Baba aliniinamia akaniambia: "Bakikuuliza uko mutoto ya nani, sema ya mujomba. Hata mimi nikikuuliza." Niliahidi, kwa sababu nilidhani ni mambo ya wiki mbili.

Kaka alifariki kabla hawajafika. Walimzika kando ya reli, na treni haikungoja. Habari alituletea fundi mmoja wa reli, na mama akalala chini kwenye saruji, akakataa godoro kwa siku nyingi. Bukari ya muhogo haikupikwa tena kwetu.

Vijana walikuja kuuliza, kweli, na mjomba alisimama mlangoni akawaambia mimi ni wake. Hawakurudi. Baadaye wakubwa walipatana, wakakumbatiana kwenye televisheni, na baadhi ya Wakasai wakarejea. Baba hakurejea. Leo ukipita mtaa wetu utakuta maduka ya simu, na wenye nyumba hawajui nani alilala wapi. Siwezi kukuonyesha hata kaburi.

Nilikwenda Kasai nikiwa mtu mzima, mama na mjomba wote wamekwisha kufa. Nilimkuta baba mzee, mwembamba, anafundisha bado. Alinishika mikono yote miwili. Tulikaa hivyo. Kisha jirani yake akapita, akauliza kwa Kiluba cha kwao huyu mgeni ni nani. Kile Kiluba nakisikia vizuri, nilifundishwa naye.

"Ni mtoto wa mtu mmoja wa ziwani," baba alijibu. "Amekuja kunisalimia."

Alisema kwa upole, bila kunitazama, kama mtu anayelipa alichoahidi siku ile mbele ya mjomba. Nilitaka kumwambia, papa, inatosha, wale vijana hawaulizi tena. Badala yake nilimwitikia jirani kwamba ndiyo, nimetoka mbali, na watu wa kwetu wanawasalimu.