Feodosia na Halibati wa Kofia ya Padri

Feodosia Malutin aliwapikia watoto wa shule kwa miaka ishirini na saba, na siku alipostaafu walimu wakampa saa ya ukutani. Aliitazama, akashukuru, na jioni ile ile akamgawia jirani. "Mimi saa ya nini tena?" alisema. "Tumekimbizana nayo tangu ujana, sasa kila mtu ashike njia yake."

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, wa miaka sitini na mmoja, na kijiji kizima kilimjua kwa tabia moja: akiwa peke yake, huongea. Huongea na sufuria, huongea na unga, huongea na theluji iliyomzibia mlango. Mumewe Vasili alipokuwa hai alikuwa akiuliza kutoka chumbani, "Mgeni nani?" naye humjibu, "Kitunguu."

Vasili aliugua miaka minne, na mwaka wa mwisho hakuweza hata kujigeuza kitandani. Feodosia alimlisha, akamwogesha, akamgeuza, akamtania hadi pumzi ya mwisho. Siku ya maziko, watu walipojaa jikoni wakinywa chai, Agafia alimshika bega. Huyu Agafia, au Gafa, alikuwa rafiki yake tangu wakiwa wasichana wa kuchuma matunda mlimani. Akamwambia kwa upole, "Sasa utapumzika, Dosia."

Feodosia aliweka birika chini. Akamwambia Agafia atoke nyumbani mwake, akamwambia mbele za watu, tena kwa sauti ya kantini. Tangu siku ile ikapita miaka mitatu, wawili hao hawajasemezana hata neno. Kanisani mmoja alisimama karibu na dirisha, mwingine karibu na mlango. Dukani mmoja akiingia, mwingine alikumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Mashua ya Vasili ilikwenda kwa mdogo wake, Nekifor, naye aliahidi kumletea shemeji yake samaki. Ahadi aliitimiza. Kila wiki alibisha hodi na kipande kwenye mfuko. Lakini mtu aliyekula samaki mzima maisha yake yote huchoka kula vipande alivyochaguliwa na mwingine. Basi kambi ya watalii ng'ambo ya ghuba ilipofungwa, na wenyewe wakawa wanaondoa vitu vyao, Feodosia alikwenda na pai sita za samoni, akarudi na kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, wa plastiki ya rangi ya chungwa.

"Shemeji," Nekifor alimwuliza pale ufukweni, "umeona sufuria zote zimeisha, ukaamua kununua karai?"

"Babu yangu alivua kwenye kayaki ya ngozi, na meno yake yote alizikwa nayo."

"Babu yako alikuwa na miaka ishirini!"

"Na mimi nina sitini na moja. Nimemzidi akili mara tatu."

Kusema kweli, yule babu alimwachia kitu. Feodosia alipokuwa mdogo alimsikia akisimulia jinsi halibati anavyovuliwa na mtu aliyekaa karibu na maji kiasi cha kuyanywa. Halibati ni jamaa ya gayogayo, bapa, macho yote mawili upande mmoja, ila yule wa bahari yao baridi ya Kodiak anaweza kuwa mpana kama mlango, na mkia wake humvunja mtu mguu. Usimpakie akiwa hai, babu alisema. Mchome chusa chenye kamba, na kamba iwe na boya. Kisha mwache agombane na boya, wewe ukae ukimtazama. Feodosia alijitengenezea chusa kwa mpini wa ufagio wa shule, akatafuta boya jekundu lililotupwa na mawimbi, na kwa majira mawili ya kiangazi alileta halibati wadogo wadogo, wa kula mwenyewe na wa kumgawia mjane mmoja jirani.

Mwaka wa tatu, Agosti, zilibaki siku mbili kufika sikukuu ya Mama wa Mungu. Siku hiyo kijiji kizima hula pai moja kubwa ya samaki na wali ndani yake, na samaki alikuwa ameahidiwa na Nekifor. Lakini Nekifor alitoka siku tatu mfululizo akarudi na chewa wawili, na mmoja alikuwa amekonda. Maji yalipokupwa alfajiri Feodosia alikwenda miambani na fimbo yake, akachokoa pweza, akamkata miguu kwa chambo. Saa tatu asubuhi alikuwa anapiga kafi kuelekea Kofia ya Padri, kisiwa cheusi kidogo katikati ya ghuba, ambapo bahari hushuka ghafla.

Kijijini kila nyumba ina redio ya upepo ya kusemeshana dirishani karibu na birika, na wote hutumia chaneli moja. Hata kabla hajafika, redio yake ndogo ilianza kukoroma.

"Karai, Karai, hapa ni gatini," ilikuwa sauti ya Nekifor. "Mnaendeleaje huko na supu?"

Feodosia alipunguza sauti ya redio mpaka ikanyamaza, akaitumbukiza kwenye mfuko wa kifuani wa jaketi la kuokolea. Makosa yenyewe yakawa hayo.

Alishusha mshipi. Chubwi, uzito wa mshipi, iligusa chini, akaiinua shibiri moja, akangoja. Maji yalikuwa yamesimama tuli. Baada ya muda akahisi mguso mdogo kidoleni, kama mtu anayebisha hodi huku hana hakika na nyumba. Hakuvuta. Mguso ukaja tena. "Karibu," alinong'ona, "mlango uko wazi." Mara mshipi ukawa mzito kana kwamba ameshika bahari yenyewe kwa chini. Alidhani ni jiwe, lakini jiwe halitingishi kichwa. Hili lilitingisha mara tatu, polepole, kama mzee anayekataa bei. Kisha likaondoka.

Mshipi ulikimbia kupitia glavu hadi glavu zikatoa joto. Kayaki iligeuka, ikaelekeza pua kwenye mdomo wa ghuba, ikaanza kwenda bila kafi. Ili asipinduke, Feodosia alilazimika kuinama mbele, kifua juu ya magoti, mshipi ukipita katikati ya pua ya kayaki. Na kila alipoinama hivyo, kitufe cha kusemea cha redio kilibanwa.

Kwanza nyumba zote kijijini zilisikia mtu anahema. Kisha zikasikia sauti iliyojulikana.

"Haya, nenda, nenda, utachoka tu! Mimi nimesukuma masufuria ya watoto sitini, wewe ni nani? … Loo, shingo gani hii! Una shingo ngumu kuliko Padri Germogen akianza mahubiri."

Padri Germogen alikuwa mezani kwake akipaka mkate siagi. Akaweka kisu chini.

Nekifor alichukua redio gatini akaita, "Shemeji, unabana kitufe! Shemeji!" Lakini redio ya shemeji ilikuwa imefungwa sauti. Feodosia alipoinuka kuvuta pumzi redio za kijijini zilinyamaza, na alipoinama tena zikaendelea. Watu walisogeza viti karibu na madirisha. Wakajua kwamba siri ya pai ya Feodosia, ile aliyowanyima wanawake wote kwa miaka thelathini, ni kijiko cha mchuzi wa kachumbari ya kopo. Wakajua kwamba mashua ya Nekifor inanuka kwa sababu Nekifor mwenyewe ndiye anayenuka. Jikoni kulikuwa na vicheko nyumba hadi nyumba.

Agafia alikuwa anakanda unga wa sikukuu. Yeye hakucheka, lakini pia hakuizima redio.

"Angekuwepo Gafa," sauti ilisema, chini kidogo sasa, "angekuwa ananishikia kafi na kunipigia kelele. Lakini Gafa nilimfukuza. Unajua kwa nini nilimfukuza, we samaki? … Vuta, vuta, hunitishi. Nilimfukuza kwa sababu alisema kweli. Vasili alipokata roho, sikulia. Nilifikiri: leo nitalala. Nikalala saa kumi na moja mfululizo, mume wangu yuko chumba cha pili amekufa. Halafu huyu anakuja jikoni kwangu kunitajia neno lile lile mbele za watu. Ningefanyaje? Ningemwambia ahsante?"

Hapo Feodosia aliinuka, na redio zikanyamaza.

Agafia alitoka nje na unga hadi kwenye viwiko. Alipofika gatini, Nekifor alikuwa tayari amewasha mashine, kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kupwa na kayaki ya chungwa ilikuwa inaelekea bahari kuu.

"Nipe mkono," Agafia alisema.

"Wewe? Wewe hutapika hata ukitazama ndoo ya maji."

"Nitatapika upande wako. Nipe mkono, Nekifor."

Huko mbele Feodosia alikuwa ameanza kuogopa. Mkondo ulimsukuma, samaki alimvuta, na mawimbi ya nje yalishaanza kuinua pua ya kayaki. Kisu alikuwa nacho kifuani. Aliutazama mwamba wa mwisho, ule mweupe kwa mavi ya ndege, akajiwekea sharti: nikiupita huu, nakata. Aliwaza pai ya sikukuu, akawaza kicheko cha Nekifor, lakini sharti ni sharti. Zilibaki kama hatua mia mbili, mkono wake tayari uko kwenye kisu, ndipo mshipi ukalegea. Samaki alikuwa anapanda.

Mashua ilifika wakati ule ule.

"Usiguse mshipi wangu!" Feodosia alipiga kelele kabla hajasalimiwa. Kisha akaona nani amekaa mbele ya mashua, uso umegeuka kijani, unga mikononi.

Walitazamana. Agafia ndiye aliyeanza.

"Dosia, tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Yote."

Feodosia alishusha macho kwenye kifua chake. Akaiona redio, akakiona kitufe. Damu ilimpanda hadi masikioni. "Na … na kachumbari?"

"Na kachumbari."

"Mungu wangu."

"Mimi nilijua ile ni kachumbari," alisema Agafia. "Nilijua tangu mwaka wa kwanza." Akameza mate, akashika ukingo wa mashua. "Lile neno, mimi nilikuwa nimeona ulivyokonda. Nilitaka ulale. Sikuwa na maana nyingine."

"Najua."

"Miaka mitatu ulijua?"

"Gafa, nina samaki hapa!"

Na kweli alikuwa naye. Chini ya kayaki kilipanda kivuli cha kahawia kisichoisha, mgongo wenye madoa kama sakafu ya bahari, na jicho moja likamtazama. Feodosia aliweka mshipi chini ya goti, akainua mpini wa ufagio kwa mikono miwili, akachoma nyuma ya kichwa. Bahari ililipuka. Mkia ulipiga ubavu wa kayaki, maji yakamwagika ndani, na Agafia akatoa ukelele uliosikika bila redio. Lakini Feodosia alikuwa amekwisha kutupa boya. Lilizama likitoa mluzi, likaibuka mbali, likazama tena, likaibuka karibu zaidi. Mara ya tano lilibaki juu, likiyumbayumba.

Alimkata matamvua ya kupumulia, akangoja damu itoke, akapitisha kamba mdomoni na nyingine mkiani. Nekifor alinyoosha mkono. "Tumpakie humu, shemeji. Dakika tano tuko nyumbani."

"Nekifor, nani alimvua?"

"Wewe."

"Basi atafika na mimi."

Kumpinga kulikuwa kazi bure. Alipiga kafi saa moja na nusu kando kando ya miamba, pale ambapo mkondo ni dhaifu, samaki amefungwa ubavuni kama kayaki ya pili. Mashua ilifuata nyuma taratibu. Agafia alitapika upande aliouahidi, na baina ya kutapika alitoa amri: "Kushoto, Dosia! Hapo pana jiwe! Wewe huoni?" Feodosia alimjibu kila mara, tena kwa matusi madogo madogo, na Nekifor alisema baadaye kwamba hajawahi kuwaona wanawake wawili waliogombana wakafurahi namna ile.

Ufukweni kulikuwa na kila mtu anayeweza kutembea. Wanaume wanne walimburura samaki hadi kwenye changarawe kavu, wakamtundika kwenye mzani wa gati. Ratili mia moja thelathini na saba, yaani kilo sitini na mbili. Walimlaza chini na Feodosia akalala kando yake kwa utani. Samaki akamzidi kwa kichwa.

Padri Germogen alimwinamia. "Kwa hiyo, Feodosia. Shingo yangu."

Feodosia alijifunika uso kwa glavu, akajuta maana glavu ilinuka. "Padri, nilikuwa naongea na samaki."

"Na samaki alisemaje?"

"Alikubaliana nami, Padri."

Padri alicheka hadi akashika ndevu, na Jumapili ile mahubiri yakawa mafupi kuliko kawaida.

Pai ya sikukuu ilijaza trei mbili za oveni ya shule. Agafia aliikanda, Feodosia akaijaza, na kwa mara ya kwanza alifungua kopo la kachumbari mbele za watu bila kugeuza mgongo. Kilichobaki kiligawanywa nyumba kwa nyumba. Mashavu, ambayo ndiyo nyama tamu kuliko zote, alimpa Agafia mkononi, naye akayapokea.

Sikukuu ilipoisha, mikono ya Feodosia iligoma. Kwa siku nne hakuweza kuinua kikombe kufika mdomoni, sembuse kitana kufika kichwani. Asubuhi ya kwanza Agafia aliingia bila hodi, akavuta kiti, akamketisha mwenzake kuelekea dirishani na kuanza kumsuka nywele zake nyeupe ndefu.

"Unavuta," alisema Feodosia.

"Nyamaza. Umeongea vya kutosha wiki hii."

"Gafa."

"Nini?"

"Nililala tena jana. Saa kumi na mbili mfululizo."

"Vizuri," Agafia alisema, akaendelea kusuka.