Pikipiki Iliyoonekana Msimbu

Fadhila ni fundi cherehani wa Kongowe, Kibaha. Majirani hawana la kumsema ila moja: kila Jumamosi hurusha puto. Si puto la sherehe. Huunga nailoni nyepesi kwa gundi, akaipaka vumbi la mkaa mpaka iwe nyeusi tii, akaijaza hewa na kuiweka juani. Hewa ikipata moto, puto linaondoka lenyewe kuelekea Kisarawe. "Mtu mzima unarusha nailoni," mumewe Zubeir humwambia. Fadhila humjibu kwamba wapo wanaorusha maneno.

Kilichomkera ni kutojua maputo yake yanatua wapi. Aliandika namba yake ya simu juu ya kila puto, akapigiwa mara moja tu, na mama aliyeuliza, "Nani amekutuma kwetu?" kisha akakata. Ndipo alfajiri moja akachomoa kwenye pikipiki ya mumewe kile kifaa kidogo kinachoonyesha kwenye simu mahali ilipo, akakifunga chini ya puto. Jioni angechungulia simu ya Zubeir. Latifu, dereva aliyepewa pikipiki siku hiyo, akaondoka nayo bila kujua, na jua lilipokolea puto nalo likapaa.

Mchana Zubeir alimpigia mkewe simu akihema.

"Mama Hashiru, Latifu katukimbia! Simu haipatikani, pikipiki inasoma porini Msimbu. Wana wa kijiweni wameshatoka kumsaka, picha yake iko vijiwe vyote. Wakimkamata hawaulizi."

Fadhila alijua mwizi wa bodaboda hufanywa nini, na alijua Latifu ana watoto watatu.

"Kifaa nimekichomoa mimi. Kiko kwenye puto."

"Kumbe. Tangu lini unamtetea Latifu?"

Ukweli wa Fadhila ulisikika wa uongo kuliko uongo wenyewe. Lakini maji alishayavulia nguo. Alibeba puto la akiba mpaka kijiweni ili waone lile jingine lilivyoweza kufika Msimbu, na mbele ya madereva, na mumewe aliyekataa kumtazama, akakimbia nalo huku na huko mpaka likajaa hewa. Akalifunga uzi, akasubiri jua. Puto lililala chini kama kondoo mgonjwa. Wakacheka. Fadhila aliogopa sana, akaanza kuomba dua kwa sauti, bila aibu.

Puto likatikisika, likainuka, likavuta uzi. Jumbe, mwenyekiti wa kijiwe, alilitazama mpaka likapita nyaya za umeme, kisha akatoa simu.

"Rudini. Hiyo picha futeni, na asiguswe mtu."

Hakuna aliyecheka tena. Haukupita muda Latifu akatokea upande wa Misugusugu, pikipiki ni ileile, simu yake imeisha chaji. Alipoona wenzake wamesimama kimya, wengine wakitazama chini, alizima injini na kuvua kofia.

"Shemeji," alimuuliza Fadhila taratibu, "nani amefariki?"