Mashua, Baba Mkwe na Mimi

Mgiriki ndiye aliyeniponza, ingawa sikuwahi hata kuonana naye. Alikuwa mkandarasi wa barabara huku kwetu, na mume wangu alikuwa karani wake wa stoo pale Kasulu. Alipomaliza kazi na kuondoka, alimwachia mume wangu kalenda ya kwao: visiwa, nyumba nyeupe zimebanana mlimani, Wazungu wamelala kwenye mashua na chupi tupu mchana kweupe. Mume wangu akaitundika sebuleni. Mwaka wake ukaisha, ukaja mwingine, kalenda haibanduki. Kila mgeni akikaribishwa anaambiwa, "Wagiriki wakichoka wanapumzika hivi. Wanapanda mashua, wanapita kisiwa kwa kisiwa, kijiji kwa kijiji, wanakula samaki, wanarudi." Mimi ndiyo kwanza nimetoka shamba, jembe begani, nasimuliwa uchovu wa Wagiriki!

Basi katikati ya miaka ile ya sabini, sasa akiwa karani wa serikali, akapata likizo, na shetani wa mashua akampanda. Rafiki yake mmoja, mwenye duka la dagaa pale mjini, alikuwa na ndugu yake ziwani mwenye mashua ya tanga. Tungeipandia bandarini Kibirizi, pale Kigoma, tufuate pwani ya ziwa kuelekea kaskazini, tukilala kijiji hiki na kile. Nikakataa. Mimi mtu wa Kitahana, kule Kibondo, nimekulia kwenye baridi na maharage, ziwa nalitakia nini? Ndipo akasema, "Tutapita kijijini kwa dada yako. Utashuka umwone."

Hapo akanipata.

Dada yangu huyo ni wa tumbo moja nami, ndiye aliyenibeba mgongoni mama akilima. Aliolewa ziwani na mchuuzi wa dagaa aliyekuwa akija mnadani Kibondo. Masika yale alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza. Habari ilitufikia imechelewa, barabara zimekatika, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kulala naye chini kwenye matanga. Hata mmoja! Jambo hilo lilikuwa limenikaa kooni, silimezi wala silitemi. Nikamwambia mume wangu, sawa, nipakie kwenye hiyo mashua yako, ilimradi nishuke pale nimkumbatie dada yangu.

Asubuhi ya safari nafika kwenye lori, namkuta nani? Baba mkwe wangu, katoka kijijini kwake Makere, na koti lake na kofia yake na fimbo. "Mzee naye hajawahi kuliona ziwa," mume wangu akasema, huku anatazama pembeni.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu nieleze. Enzi zile mke wa mtu hakutazamana na baba mkwe wake. Humtaji jina, huli mbele yake, husemi naye ana kwa ana; ukiwa na neno unampa mtu mwingine alifikishe. Nyumbani hakuna tabu. Yeye akikaa uani, wewe unaingia jikoni. Akija mbele, unapita nyuma. Haya, niambie, mashua ina jiko? Mashua ina nyuma ya nyumba?

Nikakaa kule mbele kabisa, nimewapa wote mgongo, khanga kichwani mpaka puani, jua linanichoma. Huko nyuma mume wangu kajinyoosha kama kwenye kalenda yake, alau suruali hakuivua. "Tazameni maji yalivyo!" Wakachoma samaki wa ziwani, migebuka, ufukweni, wakala na ugali wa muhogo humohumo mashuani, harufu inanijia puani, na mimi natafuna mate. Nikitaka kujisaidia, nimwambie mume wangu, naye ampigie nahodha kelele, na mzee asikie kila neno. Aibu ilinijaa mwili mzima. Jioni tukifikia kwa jamaa za nahodha, nilikimbilia jikoni kwa wanawake nikala kama mtu aliyetoka jela. Eti likizo!

Nilivumilia kwa ajili ya dada. Kila kijiji kikitokea nilikuwa namngoja nahodha aje mbele kukaza kamba za tanga, namuuliza kwa sauti ya chini, "Ndicho?" Anatikisa kichwa. Hatimaye akanyoosha mkono: "Kile pale, shemeji. Nyumba za dada yako ni zile kwenye michikichi."

Mume wangu akasema, "Upepo mzuri huu tusiupoteze. Tutapita wakati wa kurudi. Au siyo, baba?"

"Ego, ndiyo, twende tu," mzee akajibu.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikasema kutoka ndani ya khanga, "Mwambie nahodha ashushe tanga." Nikarudia. Mume wangu akaanza kupiga mluzi. Kijiji kinapita, nawaona wanawake wanasugua masufuria ufukweni, naona nyavu zimeanikwa, na mluzi unaendelea.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilivua khanga, nikageuka, nikamtazama baba mkwe wangu machoni, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Baba, nishusheni! Dada yangu kafiwa na mtoto, sijampa hata pole! Kama ninyi hamna huruma, niacheni, najitupa majini, na kuogelea sijui!"

Mama we! Mzee alijifunika uso kwa kofia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mume wangu kaachama mdomo. Nahodha hakungoja ruhusa ya mtu, alishusha tanga akashika kasia.

Nilishuka maji yakiwa magotini, nikakimbia. Mume wa dada alikuwa kibarazani anashona wavu. Aliponiona alisimama, akatazama nyuma yangu, akanitazama tena.

"Karibu, shemeji. Kwema? Mbona huku?"

"Dada yuko wapi?"

"Dada yako si yuko kwa mama yenu Kitahana? Alishindwa kulala nyumba hii tena. Mwezi uliopita nilimsindikiza mwenyewe, tukapita kwako Kasulu. Wewe ulikuwa shamba. Alikuwa mgonjwa, na gari la Kibondo lilikuwa linaondoka. Tulimwachia mumeo maneno: uje upesi, dada yako anakuhitaji."

Niligeuka. Mume wangu alikuwa amesimama pale mchangani, viatu mkononi.

"Ningekuambia tukirudi," akasema. "Ungejua, usingekuja."

Siku zote nimejaribu kukumbuka nilimtukana nini, nakumbuka tu kwamba watoto wa kijiji walikusanyika. Mzee alikuwa amebaki mbali, kofia bado usoni. Alimwita nahodha, akasema kwa sauti ili nisikie, "Mwambie mkwe wangu mimi niliambiwa anajua. Niliambiwa ameshakwenda Kitahana akarudi." Kwa hiyo mzee naye alidanganywa, na mimi nimemvunjia heshima mbele ya watu kwa sababu ya uongo wa mwanawe. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Sikupanda tena mashua ile. Nilirudi Kigoma na boti ya dagaa, nikapanda lori mpaka Kasulu, nikapita nyumbani kwangu bila kufungua mlango, nikaendelea Kibondo mpaka Kitahana.

Dada alikuwa uani kwa mama anachambua maharage. Amekonda, khanga inamzunguka mara mbili. Hakuinuka. Nilipiga magoti mbele yake, akaendelea kuchambua, maharage mazima huku, mabovu kule.

"Nilikupitia," akasema. "Nikasema kesho atakuja. Mama akawa ananiambia ingia ndani, kuna baridi, namwambia hapana, mdogo wangu anakuja. Ulikuwa wapi?"

"Likizo," nikasema.